Mgeni Asiyemtafuta Mtu

Kwenye kivuko cha Kilifi nilinunua korosho za kukaanga, nikazila nimesimama ukingoni mwa feri, nikitazama maji ya kijani yakipita chini yetu. Zilikuwa bado za moto. Nilipofika katikati ya pakiti niligeuka upande wangu wa kushoto nikiwa nimenyoosha mkono, kama mtu anayemkaribisha mwenzake, nikakuta mama mmoja nisiyemjua ananishangaa. Nikamkaribisha yeye. Akachukua korosho moja kwa heshima, akashukuru, akasogea mbali kidogo.

Tulipaswa kuwa wawili. Mimi na rafiki yangu tulisoma uuguzi pamoja, tukapangiwa hospitali moja kule Korogwe, na tangu tukiwa bwenini tulikuwa na mpango wetu wa kwenda nje ya nchi siku moja, si kwa msiba wala kwa kazi, kutembea tu. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa miaka kadhaa. Ulipofunguliwa tukasema sasa. Muuguzi mmoja wa Tanga alikuwa na shangazi yake Malindi, mjane, akamwandikia, na shangazi akajibu kwamba chumba kipo na tuje. Kisha rafiki yangu akaolewa. Siku moja kabla ya safari, akaja wodini na kanga mpya, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mume wangu haoni sababu," alisema. "Wewe nenda. Utanisimulia."

Sikuwa na mume wa kuona wala kutoona sababu. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nimezaliwa milimani Lushoto, na nguo zangu zilikwisha kupangwa sandukuni. Nikaenda.

Yule shangazi alinipokea barazani kwake katika mji wa zamani wa Malindi, nyuma ya msikiti, kwenye uchochoro mwembamba kiasi kwamba mtu akipita na baiskeli lazima ujibanze ukutani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Yu wapi mwenzio?"

"Hakuweza kuja, bibi."

"Lo! Nami nimetandika kwa wawili."

Ni kweli. Kitanda kilikuwa kipana, cha kamba, kimetandikwa shuka la maua, na mito miwili iliyofumwa kwa mkono imewekwa sambamba. Yasmini zilikuwa zimetawanywa juu ya mito yote miwili. Usiku ule nililala upande mmoja, na mto wa pili sikuugusa.

Alfajiri niliamshwa na harufu ya iliki. Bibi alikuwa ukumbi wa nyuma, ameketi kwenye kibao mbele ya karai, akichoma mahamri ya kuuza. Alinipa manne kwenye sahani, yamevimba kama yaliyopulizwa, pamoja na bakuli la mbaazi zilizopikwa kwa tui zito. Akanimiminia chai, akatia sukari vijiko vitatu vilivyojaa bila kuniuliza.

Huenda msomaji wa leo asielewe kwa nini nilikitazama kijiko kile. Kwetu miaka ile sukari ilikuwa ya foleni, na ilipokosekana sabuni tulifulia majani ya mpapai. Wodini tuliwahi kuwapa wazazi waliojifungua uji mtupu usio na hata chumvi. Hapa bibi alitia sukari akiwa anazungumza habari nyingine, huku akimfukuza paka. Nilikunywa chai ile taratibu nikimfikiria rafiki yangu, jinsi angenikanyaga mguu chini ya meza ili tucheke baadaye. Lakini hapakuwa na meza, tulikaa mkekani, na bibi alikuwa amekwisha kurudi kwenye karai lake.

Siku za mwanzo nilitembea sana. Nilikwenda sokoni nikaona samaki ambao rangi zao sikujua zinaweza kuwa za samaki. Nilikula viazi vya karai kwa ukwaju na pilipili, nikakaa kwenye kizingiti cha duka la watu nikinywa maji ya madafu, nikanunua halua iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba. Jioni moja bibi alipika samaki wa kupaka, tui limekauka juu yake likageuka kuwa ngozi ya rangi ya dhahabu yenye ladha ya moshi. Nilimwambia sijapata kula kitu kama kile.

"Kula mwanangu," alisema. "Huli. Mtu akila peke yake hashibi." Kisha alikwenda zake kwenye maulidi ya jirani, nami nikabaki na sinia.

Pwani yenyewe ilikuwa nzuri kupita nilivyotegemea. Maji yalikupwa mbali, yakaacha mchanga uliopigwa mistari na vidimbwi vyenye kaa wadogo, na mivinje ilivuma hata pale upepo ulipoonekana umetulia. Mimi ni mtu wa milimani; kwetu macho huishia kwenye kilima cha pili. Hapa yaliendelea tu. Nikajikuta nikitafuta maneno ya kumsimulia rafiki yangu, na kila nilipoyapata niliona hayafai.

Mara moja nilifuata ufuo hadi mbele ya hoteli moja kubwa, pale Wazungu walipokuwa wamelala juani wamejipaka mafuta. Nilikaa mchangani, mbali nao kiasi. Askari wa hoteli akanijia, kijana wa bara kwa lafudhi yake, mwenye adabu.

"Samahani, dada. Wewe ni yaya wa familia gani?"

"Si yaya. Niko likizo."

"Likizo ya kazi gani?"

"Likizo. Nimekuja kutembea. Natoka Tanzania."

Alifikiri kidogo. "Na wenzako?"

"Niko peke yangu."

Nilimwona anataka kunielewa na anashindwa. Mwishoni alisema nisikae sana pale, bosi wake hapendi. Nikainuka, nikafuta mchanga kwenye gauni, nikarudi njia niliyokuja nayo.

Swali lake nilikutana nalo kila mahali. Waswahili wa mji ule wana salamu ndefu, hawakuachi upite: u hali gani, wa kwenu hawajambo, waliokuja nawe hawajambo? Kisha: umekuja kwa nani? Nikisema sikuja kwa mtu, nimekuja kutembea tu, walinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. Mwanamke aliyekuwa akiuza viazi pembeni mwa uchochoro wetu, mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu, alianza kuniongezea viazi nisivyoviagiza. Binti mmoja alinishika mkono akaniambia nivute subira. Bibi mwenyewe alianza kunikatia kipande cha samaki kilichonona zaidi, cha tumboni, na kunitazama nikila.

Nilikuja kuelewa siku yule muuza viazi alipokuja ukumbini na kuketi karibu yangu bila viazi.

"Dada yangu," alisema, akishusha sauti kwa kadiri alivyoweza. "Tumempata."

"Mmempata nani?"

"Mumeo."

Nilimtazama bibi. Bibi aliinamisha uso kwenye mchele aliokuwa akiuchagua.

"Mimi sina mume," nilisema.

"Ndiyo, ndiyo," alisema muuza viazi, akinipapasa goti. "Wote husema hivyo. Mwanamke havuki mpaka peke yake kuja kula viazi. Ndugu yangu aendesha lori la chumvi, Marereni. Asema kuna mtu wenu pale, Mtanzania, mtu wa milimani, asiyesema habari za kwao. Ni mtu mzima, mpole. Twenda kesho."

Nilikana tena. Nilieleza habari za rafiki yangu na mpango wetu wa bwenini. Walinisikiliza mpaka mwisho, kisha bibi akasema, "Nenda tu mwanangu. Si mbali. Ukaone kwa macho yako, roho itulie."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikubali. Sikutaka kuwadhihaki watu waliojitaabisha kwa ajili yangu. Lakini zaidi ya hayo, lile neno, mtu wa milimani, lilinishika. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila mimi kusema sentensi ndefu na mtu yeyote.

Asubuhi tulikaa mbele kwenye lori, mimi katikati, muuza viazi dirishani akiwa na kikapu cha chakula mapajani. Tulivuka daraja la Sabaki, maji chini yetu mekundu kama chai, tukaingia barabara ya vumbi kuelekea kaskazini. Ardhi ilizidi kuwa tambarare na kavu. Kisha kwa mbali nikaona vilima vyeupe, na kwa sekunde moja ya upumbavu nilidhani ni ukungu, kama wa kwetu. Ilikuwa chumvi. Mabwawa mapana ya maji ya bahari yalikuwa yametandazwa juani kama vioo, na wanaume na wanawake walikuwa wakikwangua kwa majembe ya mbao, miguu mitupu, wengine wamefunga matambara kuzunguka vifundo. Niliona visigino vyao vilivyopasuka hadi kwenye nyama nyekundu. Kwa mtu wa kazi yangu macho huanzia pale.

Mtu mwenyewe alikuwa kwenye kibanda cha makuti, akinoa jembe. Alikuwa na umri wa kuwa baba yangu mdogo, mwembamba, nywele zimeanza mvi, nyusi zimeganda chumvi. Kabla sijashuka sawasawa muuza viazi alikwisha kumfikia.

"Mwanamume gani wewe!" alimwambia. "Umemwacha mtoto wa watu asafiri kutoka Tanganyika peke yake kama mpira uliopotea! Huyu hapa mkeo. Mtazame!"

Akanitazama. Akaweka jembe chini polepole.

"Mama," alisema, "mke sijapata kuwa naye. Na kama ningepata mmoja kama huyu, nisingekuwa hapa nakwangua chumvi."

Wafanyakazi waliokuwa karibu wakacheka. Mimi pia nilicheka, mara ya kwanza tangu nilipotoka kwetu, na kwa kutaka kumwondolea aibu nikamsalimia kwa lugha ya kwetu, salamu ya mchana, ile ambayo hata watoto huijua.

Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akaijibu salamu yote, ile ndefu ya wazee, ya kuulizia nyumba na mifugo na mvua, ambayo nilikuwa sijaisikia tangu babu yangu alipofariki. Sauti yake ilikuwa na kutu. Alipomaliza, alipangusa uso kwa mkono wenye chumvi, macho yakamwasha, na sote tukapata kisingizio cha machozi yake.

Tulikula pale kibandani. Muuza viazi alifungua kikapu: wali wa nazi, mchuzi wa pweza, achari ya embe. Wenyeji wa kibandani, Wagiriama, walileta sima na mboga ya mchunga iliyochemshwa ikabaki na uchungu wake, na yule mtu wa kwetu akachoma samaki aliowafunga kwenye majani na kuwapaka chumvi ya pale pale, mabonge makubwa yaliyopasuka motoni. Sijui kama kilikuwa chakula bora kuliko cha bibi. Nakumbuka tu kwamba nilikula mpaka nikashiba.

Alinieleza habari zake kwa ufupi. Alikuja akiwa kijana kukata mkonge katika mashamba ya Kilifi, akakusudia kurudi baada ya misimu michache. Mpaka ukafungwa. Mama yake akafa, na habari zikamfikia baada ya mwaka mzima, kwa mdomo wa mtu aliyekuwa akipita. Baada ya hapo, alisema, kila mwaka ulifanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi.

"Mpaka sasa uko wazi," nilimwambia. "Mimi nimepita. Wanagonga muhuri tu."

"Nimesikia."

"Basi kwa nini huendi?"

"Kwa nani?" alisema. "Nyumba ya mama imeanguka. Nina dada, sijui kama yuko hai. Nikibisha hodi, nitasema mimi ni nani?"

Akaniomba nizungumze.

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Ila kwa kwetu."

Nikazungumza. Nilimwambia kuhusu barabara ya kupanda Lushoto, jinsi basi linavyozima injini kwenye kona ili lipoe. Kuhusu mapeasi yanayouzwa kandokando kwenye vikapu vya majani. Kuhusu baridi ya mwezi wa saba, na moto wa jikoni, na moshi unaotoka katikati ya nyasi za paa kana kwamba nyumba inapumua. Nilimweleza bei za vitu, nani ni padri sasa, daraja gani limesombwa. Alifumba macho, mgongo ukiegemea nguzo. Ikawa kila nikinyamaza anasema, "Endelea." Muuza viazi, ambaye hakuelewa hata neno, alikaa kimya na mikono mapajani, jambo nililokuwa sijamwona akilifanya.

Lori lilipopiga honi alinisindikiza. Alinitajia kijiji chake na jina la dada yake, kama mtu anayejikumbusha mwenyewe. Hakuniomba nipeleke salamu.

Njiani muuza viazi alitazama nje muda mrefu. Tulipofika darajani akasema, "Basi si yeye."

"Si yeye."

"Lakini alipenda kukusikia," alisema, na akaanza kulia kwa sauti yake yote, mpaka ndugu yake akapunguza mwendo.

Mtaani hawakuamini. Wengine walisema nimemkuta akanikana, wengine walisema nimemsamehe na ameahidi kurudi. Niliacha kubisha. Siku zilizobaki sikutembea sana. Nilikaa ukumbini nikimsaidia bibi kusukuma mahamri. Yangu yalitoka bapa, akayauza hivyo hivyo kwa watoto.

Siku mbili tatu kabla sijaondoka, akiwa anageuza andazi kwa kijiti, aliniuliza bila kunitazama, "Kweli hukuja kumtafuta mtu?"

"Kweli, bibi."

"Ulikuja kutembea tu."

"Ndiyo."

Aliendelea kugeuza. "Mimi nimekwenda Lamu, nimekwenda Mombasa, nimefika hata Tanga. Kote nimekwenda kwa harusi au matanga. Sijapata kwenda mahali nisikoitwa." Akaepua andazi. "Kuzuri, huko kutembea?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka pia kumwambia kuhusu mto wa pili kitandani, na askari wa hoteli, na jinsi bahari inavyokuwa kubwa mno kwa macho ya mtu mmoja.

"Kuzuri," nilisema. "Ila unatamani kumwonyesha mtu."

"Basi nionyeshe mimi."

Kwa hiyo alasiri, baada ya sala, bibi alivaa buibui lake, akafunga mahamri kwenye kitambaa, tukatoka. Aliniuliza nimependa wapi zaidi. Nikampeleka kwenye rasi, pale uliposimama msalaba mweupe wa Wareno juu ya mwamba, mahali ambapo kila mtalii hupigwa picha. Alikuwa ameishi karibu nao maisha yake yote, akauona kwa mbali tu, kwa sababu hakuna jamaa yake aliyekaa upande ule. Tulikwenda polepole kwa ajili ya magoti yake. Alisimama akiutazama msalaba, mkono kiunoni.

"Ndio huu?"

"Ndio huu."

"Mdogo," alisema. Tukaketi mwambani tukala mahamri. Mawimbi yalipiga chini yetu na kuturushia manyunyu, na kila mara alishtuka, kisha akacheka kwa kujishtukia. Hatukuzungumza mambo makubwa. Aliniambia marehemu mumewe alimwahidi kumleta pale, akawa na shughuli nyingi.

Nilirudi nyumbani na sukari, sabuni na bonge la chumvi. Rafiki yangu aliniuliza habari nikiwa kazini, zamu zikibadilishana, na kabla masimulizi yangu hayajafika Kilifi mgonjwa akaita. Hatukurudia tena. Alihamishwa na mumewe kwenda Mwanza mwaka uliofuata.

Kwenye likizo yangu ya Krismasi nilipanda hadi kile kijiji alichonitajia yule mtu wa chumvi. Dada yake alikuwa hai, mwanamke mrefu mwenye nyusi za kaka yake, anapukuchua mahindi uani. Nilimwambia nimemwona kaka yake. Hakupiga kelele. Aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha.

"Anakula nini huko?" aliuliza.

Nikamwambia: samaki, sima, mboga chungu.

"Alikuwa hapendi samaki," alisema.

Alimtuma mwanawe mkubwa kumfuata. Nilikuja kusikia yaliyofuata miaka kadhaa baadaye, dada huyo alipolazwa kwetu Korogwe kwa presha na mimi ndiye niliyekuwa zamu. Kaka yake alirudi kweli. Walimchinjia mbuzi, wakamjengea chumba. Alikaa msimu mmoja wa baridi, akitetemeka karibu na moto, na watoto walimcheka kwa maneno yake ya pwani. Mchana alikuwa akisimama kwenye ukingo wa shamba akitazama bondeni. Kisha asubuhi moja aliaga vizuri, kila mtu kwa jina lake, akateremka na basi la Tanga.

"Ulimkasirikia?" nilimuuliza, nikimfunga kipimo mkononi.

"Hapana," alisema. "Alikuja kutembea tu."